Hatukununua Kompyuta Yako

Mwaka 2011 nilisimama mbele ya viongozi saba wa chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro, nimevaa shati langu jeupe la shughuli, kuwaonyesha kazi ya miezi minne. Projekta imewaka, mapazia yameshushwa, chai imepoa kwenye vikombe. Nikaandika anwani ya mfumo, nikabonyeza, ukurasa wa kuingilia ukafunguka. Nembo ya chama haikuonekana. Mahali pake palikuwa na kijisanduku kitupu. Nikaweka jina na nywila. Badala ya orodha ya wanachama, ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba jedwali la wanachama halipo.

Jedwali lilikuwepo. Nililitengeneza kwa mikono yangu na usiku uliotangulia nililijaribu hadi saa nane. Nikamgeukia mwenyekiti, nikamwambia maneno ambayo kila mwandishi wa programu amewahi kuyasema: "Mzee, kwenye kompyuta yangu inafanya kazi."

Mzee yule hakukasirika. Alivua miwani, akailaza juu ya daftari, akasema taratibu: "Kijana wangu, sisi hatukununua kompyuta yako. Tumenunua kazi."

Nimeandika programu nikiwa kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye Mac, na kila moja nimeitumia kwa miaka. Vijana wanaoanza huniuliza ipi bora kwa kazi hii. Kila ninachowajibu kimetoka katika kauli ya mzee yule, ingawa ilinibidi nikosee mara tatu ndipo niielewe.

Posta yetu ilikuwa flashi

Nilianzia kwenye Windows, kama karibu kila mtu wa rika langu. Mwaka 2007, nikiwa chuoni Dar es Salaam, kompyuta zote za maabara yetu zilikuwa na Windows XP. Hata ile ya mezani niliyoinunua mtumba Kariakoo ilikuja na XP ambayo fundi aliiweka bila kunionyesha leseni, na mimi sikumuuliza. Flashi ndiyo ilikuwa posta yetu. Notisi za somo, filamu, programu, vyote vilipita mkono kwa mkono, na virusi vilipita navyo. Unachomeka flashi ya mwenzako, unakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato na faili la autorun.inf limejificha katikati. Nakala yangu haikuwa inapata masasisho ya usalama, kwa hiyo mwizi nilikuwa nimemfungulia mlango mwenyewe.

Mwaka 2008 rafiki yangu alinionyesha bahasha aliyoipokea kwa posta. Wakati ule Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa inatuma CD za Ubuntu, moja ya matoleo ya Linux, bure kwa yeyote duniani aliyeomba, na iliendelea hivyo hadi 2011. Nikaomba kwa sanduku la posta la chuo. Wiki kadhaa baadaye CD ikafika: toleo la 8.04, lililotoka Aprili mwaka huo huo. Nikasoma jina juu ya karatasi, na sikuhitaji kamusi. Mtu wa Kiswahili akisikia ubuntu, anasikia utu.

Niliiweka upande wa pili wa diski, Windows ikabaki upande wake. Hapo nikakutana na tofauti kubwa ya kwanza kati ya mifumo hii miwili, na ilikuwa ni tofauti ya namna programu inavyoingia ndani ya nyumba. Kwenye Windows, programu huja kama msafiri aliyebeba godoro, sufuria na jiko lake: faili moja la kusakinishia, ndani yake mna karibu kila kitu inachohitaji. Ubuntu inaendesha mambo kama shughuli ya mtaani. Huyu anatoa turubai, yule anatoa masufuria, mwingine viti, na hakuna anayenunua vyote peke yake. Kifurushi kimoja kinategemea maktaba za kingine, na hicho kinategemea cha tatu. Nafasi ya diski inaokolewa, na tundu la usalama likizibwa kwenye maktaba moja, programu zote zinazoitumia zinanufaika siku hiyo hiyo.

Ila shughuli ya namna hiyo inataka uweze kuwafikia majirani, na mimi bwenini sikuwa na intaneti. Nilitaka PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Nikaandika jina la kifurushi kwenye karatasi, nikaenda kwenye intaneti kafe ya Mwenge, nikakipakua, nikarudi. Ubuntu ikaniambia kifurushi hiki kinahitaji kingine. Nikarudi kafe. Kile kingine nacho kikataka cha tatu. Saa moja ilikuwa shilingi 1,000, na dada wa kafe aliponiona naingia mara ya tatu akaniuliza, "Kaka, leo tena?" Niliokolewa na mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi yenye intaneti. Aliniambia kwamba Ubuntu huweka nakala ya kila kifurushi inachopakua ndani ya folda ya /var/cache/apt/archives. Nikamfuata jioni na flashi, nikanakili folda nzima, nikalala na PHP, Apache na MySQL zikiwa ndani ya mashine yangu.

Naikumbuka siku ile kila ninaposikia mtu akiusifu mfumo mmoja na kuutukana mwingine. Kwa mwanafunzi asiye na intaneti mwaka 2008, njia ya Windows ilikuwa na hekima yake: ulichobeba kwenye flashi kilitosha. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika kwenye pwani yetu, Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kadiri intaneti ilivyoshuka bei, hekima ikahamia upande wa pili. Kazi iliyonichukua safari tatu za Mwenge ikawa amri moja ya apt na dakika chache za kusubiri. Mifumo haikuwa imebadilika sana. Kilichobadilika ni mahali nilipokaa.

Deni la herufi kubwa

Pamoja na hayo, niliendelea kufanya kazi kwenye Windows. Niliizoea, na mazoea yana taabu. Mfumo wa wale wazee wa Morogoro niliuandika wote kwenye Windows, nikaupandisha kwenye seva ya Linux siku moja kabla ya kikao.

Usiku baada ya kikao nilikaa kwenye chumba cha nyumba ya wageni karibu na Msamvu, nikausoma msimbo mstari kwa mstari. Faili la nembo nilikuwa nimelihifadhi kwa jina Nembo.PNG. Ndani ya msimbo nililiita nembo.png. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili: Nembo, nembo na NEMBO kwake ni mtu mmoja. Linux inawahesabu kuwa watu watatu. Jedwali nalo lilikuwa na kisa hicho hicho. Sehemu moja nililiita Wanachama, nyingine wanachama. MySQL, inayotunza majedwali, ikiwa kwenye Windows haijali, lakini kwenye Linux jedwali linafuata kanuni ya mafaili ya mfumo unaolibeba. Seva ilikuwa inasema kweli: jedwali la jina lile, kwa herufi zile, halikuwepo.

Kurekebisha kulinichukua dakika arobaini. Kurudisha imani ya wazee saba kulichukua miezi.

Kosa lilikuwa langu. Windows haikunidanganya; ilinisamehe. Na hapo ndipo nilipojifunza kuogopa msamaha wa aina hiyo. Mfumo unaokusamehe kosa ambalo seva haitalisamehe unakulimbikizia deni, na deni hulipwa siku usiyoichagua, mbele ya watu usiopenda wakuone ukilipa.

Mwezi ule nikaifuta Windows, nikahamia Ubuntu moja kwa moja. Sababu ilikuwa moja tu: seva yangu ilikuwa Linux. Kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya seva za intaneti. Kwenye Ubuntu, kompyuta yangu na seva zikawa ndugu wa tumbo moja. Amri niliyoiandika mezani ilijibu vile vile kule mbali. Ruhusa za mafaili, kazi za usiku zinazojiendesha zenyewe, namna ya kuzima na kuwasha huduma, vyote nilijifunza mara moja nikavitumia pande zote mbili. Hata Git, inayotunza historia ya msimbo wetu, ni kazi ya Torvalds huyo huyo ya mwaka 2005, na kwenye Linux unahisi kabisa kwamba iko kwao.

Nikaamini nimefika. Kumbe nilikuwa nimeielewa nusu tu ya neno la mzee.

Wanachama kwenye kamba moja

Mwaka 2013 chama kile kile kiliniomba niongeze ripoti ya kila mwezi: faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mwanachama, jina, akiba na deni. Nikaiandika nyumbani, nikaifungua, ikakaa vizuri. Safari hii nikaijaribu na kwenye seva, nayo ikakaa vizuri. Nikaituma nikiwa na amani.

Kesho yake mama mhasibu akanipigia. "Mwanangu," akasema, "mbona wanachama wote umewafunga kwenye kamba moja?"

Niliposafiri kwenda kuona, nikamkuta mbele ya kompyuta yake ya Windows. Alikuwa ameifungua ripoti kwa Notepad, na wanachama wote, mamia yao, walikuwa wametandazwa kwenye mstari mmoja mrefu, jina likigongana na akiba ya mwingine. Mama yule alikuwa amepiga taipureta kwa miaka mingi kabla ofisi haijanunua kompyuta, kwa hiyo nikamweleza kwa lugha ya taipureta. Ukimaliza mstari, unasukuma wenzo, na yanatokea mambo mawili: kigari kinarudi mwanzo wa mstari, na karatasi inapanda. Kompyuta zilirithi mambo hayo kama alama mbili za siri mwishoni mwa kila mstari. Windows, kwa urithi wa DOS, inaandika zote mbili. Unix na watoto wake, Linux ikiwemo, wanaandika moja tu, ile ya kupandisha karatasi.

Hakuningoja nimalize. "Kwa hiyo wewe umepandisha karatasi bila kurudisha kigari."

Ndivyo ilivyokuwa. Notepad ilikuja kujifunza kuisoma mistari ya Linux mwaka 2018. Mwaka 2013 ilikuwa haijui, na ningeweza kumwambia mama aweke programu nyingine. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na wanachama dirishani wakingoja, na Windows ndiyo iliyokuwa mezani pake. Mara hii nilikuwa kwenye mfumo ninaoupenda, nao ulifanana na seva kama pacha, na bado nilikuwa nimerudia kosa la mwaka 2011. Niliitazama kazi yangu kwa macho ya kompyuta yangu. Kazi ina makao zaidi ya moja: inaishi kwenye seva, na inaishi kwenye meza ya anayeitumia. Ukiyajua makao ya kwanza ukasahau ya pili, bado uko nusu ya njia.

Kwa bei ya bodaboda

Mac niliingia kwa lazima. Mwaka 2017 mteja mmoja alitaka programu ya iPhone, na Xcode, zana rasmi ya kuitengenezea, inafanya kazi kwenye mfumo wa Apple peke yake. Nikanunua MacBook iliyotumika kwa fedha ambayo nyumbani tulikuwa tumeipangia bodaboda. Mke wangu aliniuliza swali moja: "Itarudi?" Nikamjibu itarudi, na ilirudi, lakini kijana asiye na mteja wa iPhone mkononi simshauri afanye nilivyofanya.

Nilipofungua terminali ya Mac nilijihisi niko nyumbani, na kuna sababu. Apple iliinunua kampuni ya NeXT, mpango uliotangazwa Desemba 1996, na mfumo uliojengwa juu ya kazi ile una mizizi ya BSD, ukoo wa Unix. Tangu 2007 umepata hata cheti rasmi cha Unix, kitu ambacho matoleo ya Linux tunayoyatumia hayana. Skrini nzuri, spika nzuri, kifuniko unakifunga na kukifungua bila wasiwasi wowote.

Lakini ndugu wa ukoo si pacha. Amri ya sed ya kubadilisha maneno ndani ya faili, niliyoiandika mamia ya mara kwenye Ubuntu, kwenye Mac ilikataa: sed ya BSD inataka uitajie kwanza kiambishi cha faili la akiba, hata kama ni kitupu. Na diski ya Mac, isipowekwa vingine, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kama Windows. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi, mwenye Mac mpya, alibadilisha jina la faili kutoka Malipo kwenda malipo. Mashine yake ikaona hakuna kilichobadilika, seva ikalia. Nikakaa karibu naye, nikamsimulia kisa cha Morogoro.

Mwishoni mwa 2020 Apple ikatoa kompyuta zenye chipu ya M1. Nilipoipata yangu, kwa mara ya kwanza umeme ulikatika asubuhi nikafanya kazi hadi jioni bila kuwaza jenereta. Kwa mtu wa huku kwetu, betri ni sehemu ya mfumo; asikuambie mtu vinginevyo. Nikafunga kazi yangu kwenye kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na mazingira yake, nikaipeleka kwenye seva, ikakataa kuwaka. Chipu ile ni ya aina ya ARM, na seva yetu ilikuwa ya x86. Niliijenga kazi kwa lugha ya kichakataji cha kompyuta yangu, na kule ilikokwenda hakuna aliyeielewa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Tangu hapo sijengi kontena kabla sijaandika ni la seva gani.

Ua limeshuka

Leo ua kati ya nyumba hizi tatu limeshuka sana. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, WSL, na toleo lake la pili la 2019 lina kiini halisi cha Linux. Docker, iliyotoka 2013, inakuwezesha kufunga programu pamoja na mazingira yake na kuisafirisha ikiwa nzima. Ukiliwasha kontena la Linux kwenye Windows au kwenye Mac, chini kwa chini inaamshwa Linux ndogo ya kulibeba. Ukifunua chungu, unamkuta yule yule wa Helsinki.

Kwa hiyo kijana akija na swali lake, mimi humwuliza kwanza: kazi yako itaishi wapi? Kama ni tovuti na huduma za seva, Linux itakufundisha mengi zaidi, na hata kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itakuvumilia. Kama ni programu za ofisi zinazotumia zana za Microsoft, au mashine zilizofungwa kwenye kaunta za wateja wa Windows, kaa Windows, uwashe WSL, ujifunze pande zote mbili. Kama ni iPhone, Mac haikwepeki. Kama ni Android, yoyote itakufaa. Chomeka simu yako halisi kwa waya, kwa sababu simu ya kuigiza ndani ya kompyuta inakula RAM kwa pupa. Na kama una laptopu ya zamani isiyokidhi masharti ya Windows 11, usiitupe kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Iwekee Linux, iendelee kuishi na kupata masasisho.

Kisha huwaambia jambo la mwisho, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote. Upende mfumo wako, uujue hadi uvunguni, lakini usiufanye kuwa kipimo cha kazi yako. Fundi wa nguo hushona mezani kwake, lakini vipimo anavichukua kwenye mwili wa mteja.

Mezani kwangu kuna kompyuta mbili. Ya kwanza ninaandikia. Ya pili ni ya zamani, skrini yake ndogo, Windows, inafanana na ile ya mama mhasibu ambaye sasa amestaafu. Siandiki chochote kwenye hiyo ya pili. Kila Ijumaa alasiri ninaiwasha, ninaifungua kazi ya wiki nzima kama mgeni asiyenijua, ninabonyeza vitufe polepole, na mwisho ninaifungua ripoti. Nikiwaona wanachama wamesimama, kila mmoja kwenye mstari wake, ndipo ninapofunga ofisi.